Neno Moja la Mwanasheria



Ukiwauliza vijana wa jumuiya zetu ndogondogo wito ni nini, wengi watakujibu bila kusita: upadre, utawa na ndoa. Ukiongeza kwamba hata uanasheria unaweza kuwa wito, wengine wataguna. Mtaani wakili hana sifa nzuri. Anasemwa kuwa ni mtu wa kupindisha maneno, mtetezi wa mwenye fedha, fundi wa kumnasua mkosaji. Hata hapa seminarini, katika mijadala yetu ya jioni, mwenzetu mmoja alitukumbusha kwamba Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori alikuwa wakili hodari mjini Napoli, akashindwa kesi kubwa mwaka 1723, akaachana na mahakama na baadaye akawa padre. "Mnaona?" akasema. "Alipoacha uwakili ndipo utakatifu ulipoanza!" Tulicheka sana. Lakini baada ya kicheko swali lilibaki: je, ni kweli kwamba jambo jema kuliko yote analoweza kufanya mwanasheria ni kuacha sheria?

Mimi nasema hapana. Na ili nisibaki hewani na hoja za darasani, nitazame kazi ya mwanasheria mmoja. Jina lake ni Michael R. Taylor, Mmarekani, aliyeingia katika sheria ya chakula na dawa mwaka 1976 na kuondoka serikalini kwa mara ya mwisho mwaka 2016. Sikumchagua kwa sababu ni mtu asiye na lawama. Wapo wanaomshukuru na wapo wanaomshutumu vikali, na pande zote mbili zina hoja. Ndiyo maana anafaa kutufundisha. Mtu aliyesifiwa na wote hatufundishi sana jinsi ya kupambanua.

Sheria iliyozaliwa makaburini

Kwanza tuelewe sheria yenyewe. Sheria ya chakula na dawa hushughulikia maswali yanayoonekana madogo. Nini kiandikwe kwenye kopo? Dawa ipimwe vipi kabla ya kuuzwa? Maziwa yakiongezwa maji, ni maziwa bado? Nani aadhibiwe panya wakiingia kwenye ghala la mchele? Si sheria ya kuwafanya watu wajaze ukumbi wa mahakama. Lakini kila mmoja wetu huigusa mara tatu kwa siku, anapokula, na tena anapougua.

Marekani ilipata sheria yake ya kwanza ya taifa zima kuhusu chakula na dawa mwaka 1906. Sheria hiyo ilikataza vyakula vilivyochafuliwa na lebo za uongo. Hata hivyo haikumtaka mtengenezaji wa dawa athibitishe kwanza kwamba dawa yake haidhuru. Mwaka 1937 pengo hilo lilionekana kwa uchungu. Kampuni moja ya Tennessee, S. E. Massengill, ilitaka kuuza dawa ya salfa katika hali ya maji ili watoto wainywe kwa urahisi. Ikaiyeyusha katika kimiminika kitamu kinachoitwa daiethilini glaikoli. Ladha ilipimwa, harufu ilipimwa, rangi ilipimwa. Sumu haikupimwa. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Serikali ilipotaka kuichukulia hatua kampuni ile, haikuwa na kifungu cha kusema "mmeuza sumu." Kifungu kilichopatikana kilihusu jina. Dawa iliitwa "eliksiri," na kwa desturi ya wafamasia eliksiri ni dawa yenye alkoholi ndani yake. Ile haikuwa na alkoholi. Kwa hiyo kosa lililotajwa lilikuwa la lebo isiyo ya kweli. Kama chupa ingeandikwa "mchanganyiko" badala ya "eliksiri," sheria ingebaki imekunja mikono huku watoto wakizikwa. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1938, Rais Roosevelt alitia saini sheria mpya iliyomtaka mtengenezaji aonyeshe usalama wa dawa mpya kabla ya kuiuza.

Sisi wanafunzi wa falsafa tunapenda kubishana juu ya maana ya maneno, na wakati mwingine waamini wanatucheka. Kisa hiki kinatuonya sisi na wao. Neno likikosekana katika sheria, mtu anaweza kufa. Na neno likiwekwa mahali pake, mtu anaweza kuishi bila hata kujua aliyemwokoa.

Panya wa ghalani na bosi wa ofisini

Taylor alianza kazi kama mwanasheria kijana katika Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA. Mwaka mmoja kabla yake, 1975, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeamua kesi ambayo kila anayesoma sheria hii hufundishwa. Rais wa kampuni ya maduka ya vyakula, Acme Markets, alishtakiwa kwa sababu ghala la kampuni mjini Baltimore lilikuwa na panya. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi 36,000. Bosi alijitetea kwamba hawezi kusimamia kila ghala mwenyewe, na kwamba kazi ya usafi alikuwa amewakabidhi wasaidizi wake anaowaamini. Lakini alikuwa ameandikiwa barua kuhusu panya katika ghala la Philadelphia, na baadaye tatizo lile lile likaonekana Baltimore.

Mahakama ilikubali ahukumiwe. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hii: mwenye mamlaka ya kuzuia uovu juu ya chakula cha umma, asipouzuia, anawajibika, hata kama hakumwalika panya kwa mkono wake. Faini ilikuwa ndogo mno, dola 50 kwa kila kosa kati ya makosa matano. Lakini mafundisho yake ni mazito. Sisi Wakatoliki tunaungama kila Misa kwamba tumekosa si kwa vitendo tu bali pia kwa kutotimiza wajibu. Wengi tunalipita fungu hilo haraka haraka. Sheria ya chakula haikulipita. Inamfuata mkubwa mpaka ofisini kwake na kumwuliza: ulikuwa na uwezo wa kuzuia, kwa nini hukuzuia?

Sumu katika nyama ya kusaga

Miaka ilikwenda. Taylor alitoka serikalini mwaka 1981, akafanya kazi katika ofisi kubwa ya mawakili, King & Spalding, akarudi FDA mwaka 1991, na mwaka 1994 akapewa kusimamia ukaguzi wa nyama katika Wizara ya Kilimo. Nchini Marekani nyama haiko chini ya FDA. Iko chini ya wizara hiyo.

Alikuta msiba. Mwanzoni mwa mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi, watu zaidi ya 700 walikuwa wameugua baada ya kula hambaga katika migahawa ya Jack in the Box. Watoto wanne walikufa. Chanzo kilikuwa bakteria aitwaye E. coli O157:H7. Bakteria huyu hukaa ndani ya utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru ng'ombe. Wakati wa kuchinja, kinyesi kidogo tu kikigusa nyama, bakteria huhamia humo. Kwenye pande la nyama hubaki juu, moto ukaumaliza. Nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huingia ndani, na hambaga isipoiva hadi katikati, hatari inabaki. Kwa mtoto mdogo sumu yake inaweza kuharibu figo.

Sheria ilisemaje? Hapa ndipo pagumu. Kwa muda mrefu serikali ilishikilia kwamba bakteria katika nyama mbichi ni jambo la kawaida, na kazi ya kuwaua ni ya mpishi. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa mjini Washington ilikataa ombi la wataalamu wa afya waliotaka nyama iwekewe onyo. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba mama wa nyumbani wanajua kupika. Wakaguzi viwandani walitumia macho, pua na mikono, na bakteria haonekani kwa jicho wala hanuki. Kwa hiyo nyama yenye E. coli ilipita, ikagongwa muhuri wa serikali, ikaenda sokoni. Mtoto akifa, wa kulaumiwa ni aliyeshika kikaango.

Tarehe 29 Septemba 1994, akiwa kazini kwa muda usiofika miezi miwili, Taylor alisimama San Francisco mbele ya mkutano wa wenye viwanda vya nyama, yaani mbele ya watu wale wale ambao uamuzi wake ungewagharimu. Akawaambia kwamba tangu sasa nyama mbichi ya kusaga yenye E. coli O157:H7 itahesabiwa kuwa nyama iliyochafuliwa kwa mujibu wa sheria. Maana yake haiwezi kuuzwa. Hakwenda kuomba Bunge litunge sheria mpya. Neno "iliyochafuliwa" lilikuwa ndani ya sheria siku zote. Alichofanya ni kusema kwamba linamhusu bakteria huyu pia.

Mwanafalsafa hapa anakaa vizuri kwenye kiti chake. Swali lililokuwa mezani ni la Aristotle kabisa: kipi ni cha asili ya kitu, na kipi kimekuja juu yake kutoka nje? Wenye viwanda walisema bakteria ni sehemu ya nyama mbichi kama ilivyo. Taylor na wenzake walijibu kwamba mlaji hanunui nyama ili apate bakteria wa kinyesi, na kwamba namna watu wanavyoila hambaga haitoshi kumwua. Vyama vya wafanyabiashara vilikwenda mahakamani huko Texas kuupinga uamuzi huo. Kabla ya mwaka kwisha jaji aliwakatalia. Alizingatia kwamba Wamarekani wengi wanaona hambaga isiyoiva sana kuwa imepikwa sawasawa, na kwa namna hiyo ya kupika nyama yenye bakteria huyu inadhuru.

Wizara ikaanza kuchukua sampuli 5,000 za nyama ya kusaga viwandani na madukani kuzipima. Mwaka 1996 ikatoka kanuni inayokitaka kila kiwanda cha nyama kitambue mapema hatua zenye hatari na kuzidhibiti, badala ya kungoja mkaguzi anuse. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kuongeza aina nyingine sita za E. coli kwenye katazo lile lile. Mlango uliofunguliwa kwa neno moja haukufungwa tena.

Ninachokiona hapa ni uhamisho wa mzigo. Kabla ya siku ile mzigo wa usalama ulikuwa kichwani kwa mama mwenye kikaango, mtu mnyonge kuliko wote katika mnyororo mzima, asiye na maabara wala hadubini. Baada ya siku ile ukapelekwa kwa mwenye kiwanda, mwenye uwezo wa kuubeba. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anapojadili udanganyifu katika kuuza na kununua, anafundisha kwamba muuzaji anayejua kasoro iliyofichika yenye hatari kwa mnunuzi analazimika kuisema. Bakteria ni kasoro iliyofichika kuliko zote. Mnunuzi hawezi kuiona. Haki inadai anayeweza kuijua aijue, na akiijua asiuze.

Upande wa pili wa shilingi

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya wasomaji kwa kunyamaza. Taylor huyo huyo ni mmoja wa watu wanaotajwa sana Marekani pale watu wanapolalamika kuhusu wanasheria wanaohama leo serikalini, kesho kampuni, kesho kutwa serikalini tena. Ofisi ya mawakili aliyofanyia kazi katika miaka ya 1980 ilikuwa na kampuni ya Monsanto miongoni mwa wateja wake. Aliporudi FDA kama naibu kamishna wa sera, mamlaka hiyo iliidhinisha, Novemba 1993, homoni ya Monsanto ya kuongeza maziwa ya ng'ombe. Februari 1994 ukatoka mwongozo kuhusu lebo za maziwa ya ng'ombe wasiopewa homoni hiyo. Kampuni ya maziwa ikitaka kuitaja homoni kwenye lebo, ilishauriwa kueleza pia kwamba hakuna tofauti ya maana kati ya maziwa hayo na mengine. Tangazo hilo lilitoka na saini ya Taylor. Wakulima wadogo na watetezi wa walaji walikasirika. Baadhi ya wabunge waliomba uchunguzi, na ofisi ya ukaguzi ya Bunge haikuona kwamba alivunja sheria ya mgongano wa maslahi katika suala hilo la homoni. Lakini baada ya kutoka serikalini, mwishoni mwa miaka ya 1990, alikwenda kufanya kazi Monsanto kwenyewe kama makamu wa rais.

Tuseme nini? Waswahili wana methali: mwamba ngoma huvutia kwake. Haisemi kwamba mwamba ngoma ni mwizi. Inasema mkono una mazoea yake, na ngozi hufuata mkono. Ninaamini kwamba wakosoaji wa Taylor walikuwa na haki ya kuuliza, hata kama mkaguzi hakuona kosa. Kutokuvunja sheria ni sakafu ya uadilifu, si dari yake. Mtu aliyekula mezani kwa kampuni anapopewa kuandika mwongozo unaoigusa bidhaa ya kampuni hiyo, jambo la heshima ni kumwachia kalamu mwingine, hata kama hakuna kifungu kinachomlazimisha. Si kwa sababu dhamiri yake ni mbaya, bali kwa sababu mama anayenunua maziwa hana njia ya kuingia ndani ya dhamiri hiyo akaikague.

Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema: basi kila alichofanya ni ghiliba, hata kile cha 1994. Hapo nakataa. Tendo jema halibadiliki kuwa baya kwa sababu aliyelitenda analo lingine la kujibu. Aliyewahi kuwahudumia wenye viwanda ndiye aliyesimama mbele ya wenye viwanda akawaambia wasichotaka kusikia. Na inawezekana kabisa kwamba kwa kuwa alizijua hoja zao kutoka ndani, alijua pia ni wapi hoja hizo huvunjika. Mwaka 2009 alirudi FDA, na baada ya Rais Obama kutia saini sheria mpya ya usalama wa chakula tarehe 4 Januari 2011, yeye ndiye aliyesimamia kuitekeleza. Sheria hiyo iligeuza kazi ya FDA kutoka kuzima moto kwenda kuuzuia usiwake, na ikaipa uwezo wa kuamuru chakula chenye hatari kiondolewe sokoni. Alipotoka serikalini alijiunga na bodi ya STOP Foodborne Illness, shirika lililoanzishwa na familia zilizoguswa na mlipuko wa 1993. Wazazi waliozika watoto si watu wepesi kudanganywa kwa maneno matamu.

Mambo matatu kwa anayetaka kusoma sheria

Kutokana na maisha haya ya kazi, naomba kutoa maoni yangu katika mambo matatu.

La kwanza: upendo kwa jirani unaweza kuandikwa kwa lugha kavu. Tumezoea kuwaza huruma ikiwa na uso: mgonjwa anatembelewa, yatima analishwa. Ni sawa, na tusiache. Lakini kuna jirani ambaye hutamwona kamwe. Ni yule mtoto ambaye hakuugua kwa sababu kifungu fulani kiliandikwa vizuri miaka 20 kabla hajazaliwa. Hatakuja kukushukuru, kwa sababu hajui kwamba kuna kitu kilichomkosa. Anayefanya kazi kwa ajili ya jirani wa namna hiyo anahitaji imani ya aina yake. Huo nauita wito.

La pili: nia njema haitoshi. Mwanasheria Mkatoliki asifikiri kwamba kwa kuwa anasali rozari, hana haja ya kanuni za kutangaza maslahi, kujitoa katika shauri linalomgusa, na kukaguliwa na wengine. Kanuni hizo si matusi kwake. Ni fimbo ya kutembelea gizani, na sote tuna giza letu. Kadhalika padre wa kesho atakayeshika fedha za parokia asijione ametukanwa anapotakiwa kuonyesha hesabu mbele ya kamati ya fedha.

La tatu: usikimbie mahali penye matope. Wapo vijana wema wanaokataa kazi za serikali au za kampuni kwa hofu ya kuchafuka. Naielewa hofu yao. Lakini kama wote wenye dhamiri wakibaki nje, ndani watabaki nani? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, ulihesabu utengano kati ya imani na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Ofisi ya kanuni za chakula ni maisha ya kila siku. Kinachotakiwa ni kuingia ukijua unamfanyia nani kazi, na kuwa tayari kuipoteza kazi hiyo siku utakapotakiwa kumsahau.

Na sisi je?

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Marekani. Si kweli kwamba yanaishia huko. Tanzania ilitunga sheria yake ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na chini yake tukawa na TFDA. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ikawa TMDA, ikibaki na dawa na vifaa tiba, huku kazi ya chakula ikipelekwa Shirika la Viwango, TBS. Nyuma ya mabadiliko kama hayo wapo wanasheria waliokaa na kuandika nani atawajibika kwa nini. Tunaponunua dawa ya malaria na kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, tunasoma kazi ya mikono yao. Zahanati na hospitali za majimbo yetu zinaishi ndani ya sheria hizo kila siku.

Sheria pia ina mpaka, na mwenye wito huu lazima aujue. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mengi ya mahindi ya namna hiyo hayapiti kiwandani wala hayana lebo. Yametoka shambani kwa mtu, yakakauka vibaya, yakawekwa ghalani kwake. Hapo hakuna bosi wa kampuni wa kumpeleka mahakamani. Kinachohitajika ni bwana shamba, maturubai ya kuanikia, na mtu anayeaminika wa kuwaeleza watu. Jumuiya ndogondogo inaweza kufika mahali ambapo mkaguzi hafiki. Mwanasheria mwenye hekima huona hilo, akawaomba wengine mkono.

Kwa hiyo naomba mambo machache yanayowezekana. Tunapoombea miito siku ya Mchungaji Mwema, tuwataje pia vijana walioko vyuo vya sheria, famasia na lishe. Maparoko wenye wanasheria katika parokia wasiwaite tu kiwanja cha kanisa kinapokuwa na mgogoro. Wawaite wawaeleze waamini haki za mnunuzi na wajibu wa muuzaji. Wazazi, kijana akisema anataka kusoma sheria, msimwulize kwanza atalipwa kiasi gani. Mwulizeni atamtetea nani.

Na mwenzangu aliyetukumbusha Mtakatifu Alfonsi, namjibu kwa heshima na Mtakatifu mwingine. Ivo wa Kermartin, wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1303, alikuwa padre na mwanasheria kwa pamoja. Yeye hakuacha sheria. Aliwatetea nayo maskini, na Kanisa likamfanya msimamizi wa mawakili. Alfonsi aliitwa atoke mahakamani, Ivo aliitwa abaki, na aliyewaita wote wawili ni mmoja. Kijana anayesoma makala hii huku kitabu cha sheria kikiwa kifuani asione aibu. Abaki, aandike vizuri, na kabla ya kuweka saini amkumbuke mtoto aliyekaa mezani akisubiri chakula.